Fundi wa Kuzeesha Besi

Ukimwita mzee, hakuitika. Ungeweza kusimama mlangoni kwake dakika tano nzima unaita mzee, mzee, naye anaendelea kupiga msasa kana kwamba unamwita jirani. Ilibidi umwite Fundi. Kila mwisho wa mwezi alipaka nywele dawa nyeusi, na ndevu pia, halafu akaja kwangu kuomba kipande cha kitambaa cha kufunga kichwa wakati dawa inashika. Nilimpa vipande vya shuka. Na mtu huyohuyo, aliyekuwa akipigana na mvi zake hivyo, kazi yake ilikuwa kutengeneza magitaa mapya na kuyazeesha.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ilikuwa chumba cha pili kutoka chake, hapa Kamembe, kwenye mteremko wa kushuka ziwani, kwa miaka tisa. Yeye alinifahamu kwa sababu ya mifuko. Kila gitaa aliloliuza lilitoka na mfuko wake, turubai kwa nje, blanketi kwa ndani, na mshonaji nilikuwa mimi. Aliikagua kwa ukucha wa kidole gumba, uzi kwa uzi. Mfuko mmoja aliurudisha mara tatu. Mara ya tatu nilichoka, nikamwambia, "Fundi, hii ni mufuko wa gitaa, haiko kanzu ya askofu."

"Askofu anaweza kuvaa kanzu yenye kupasuka," akasema, "batu bakamuheshimu tu. Gitaa hapana."

Nikaufumua, nikaushona upya. Nilikuwa na hasira, lakini mshono wa mara ya nne ulikuwa mzuri kweli.

Hakutengeneza gitaa la solo. Ni besi tu, lile lenye nyuzi nne nene. Wateja wake walikuwa wapigaji wa makwaya ya pande zote mbili za mto wa mpakani, wa kwetu Rusizi na wa Bukavu ng'ambo, na mara mojamoja mtu aliyetoka mbali zaidi. Wote walitaka kitu kilekile: besi mpya inayofanana na besi iliyopigwa miaka thelathini. Usishangae. Hapa kwetu mpigaji mwenye gitaa linalong'aa wanamhesabu kama mwanafunzi. Mwenye besi iliyochubuka, watu wanadhani alipita katika maorkesta makubwa, na hata akikosea wanasema ni mtindo wa zamani. Kwaya moja ya Nkanka ilimkataa kijana mwenye vidole vizuri sana kwa sababu tu gitaa lake lilikuwa jipya kama sahani ya arusi. Alikuja kwa Fundi analia. Akaondoka baada ya miezi miwili na besi iliyoonekana kumzidi umri.

Watu walifikiri kuzeesha ni kukwaruza. Fundi alikuwa akicheka akisikia hivyo, kicheko kifupi cha puani. Shingo ya gitaa aliipaka chai kali mara nyingi, akiikausha kati ya mpako na mpako. Vyuma alivizika kwenye mchanga wenye chumvi na ndimu mpaka viote kutu kidogo, kisha akavitoa kabla kutu haijazidi. Vernisi, ile rangi ya kung'arisha mbao, aliianika juani mpaka ikaiva, halafu akaishusha ghafla kwenye maji ya ziwa ya asubuhi, ikapasuka mistari myembamba. Lakini hayo yote aliyaita maandalizi. Kazi yenyewe ilikuwa ubao na makaa.

Kabla hajagusa gitaa, alikuketisha na ubao uliokatwa umbo la besi. Alikupaka makaa mikononi, kifuani na kwenye paja, akakwambia upige nyimbo zako zote, bila nyuzi, saa nzima. Ukiondoka, ubao ulibaki na alama: hapa kiwiko, hapa tumbo, hapa kidole gumba. Alama hizo alizihamisha kwenye gitaa, na mahali hapo tu ndipo alipoiondoa rangi. "Uzee iko na mahali yake," alisema. "Batu banakwaruza kila mahali kama mbuzi imepita. Muntu hazeeki kila mahali mara moja." Nilimuona akimrudisha mteja mnene aliyejibana tumbo siku ya makaa. Alimwambia arudi siku atakayokuwa tayari kupumua.

Kwa ukweli alikuwa mkali mpaka aibu. Chini ya kibati kinachoshika shingo ya kila besi aliandika kwa penseli mwezi aliomaliza kazi, na jina lake. Anayenunua aliambiwa, na kama hakutaka, aende. Kuna siku tulialikwa arusi Mibirizi, mimi na yeye. Mpigaji wa besi, kabla ya kuanza, akachukua kipaza sauti akaeleza kwamba gitaa hilo aliachiwa na babu yake, aliyelipiga wakati wa Wabelgiji. Watu wakapiga makofi. Fundi akasimama katikati ya wageni, na kijiti cha brosheti, nyama ya kuchoma, mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hii nilimaliza mwezi wa nane. Vernisi haijakauka muzuri hapo chini." Akakaa akaendelea kula. Yule kijana alipiga arusi nzima ameinamisha kichwa. Wakati wa kurudi nilimgombeza Fundi njia yote, nikamwambia amemharibia mtoto wa watu siku.

"Alinunua gitaa," akasema. "Babu hakumununua."

Yeye mwenyewe hakujua kupiga. Alijua mstari mmoja, noti sita, alioupiga kujaribu kila besi, miaka tisa noti zilezile sita, mpaka cherehani yangu ikazoea kwenda nazo. Redio hakuwa nayo. Kanisani alikwenda misa ya kwanza, ile isiyo na kwaya. Wala vitu vya zamani hakuvipenda. Mlango wake aliupaka rangi mpya kila Pasaka, kiti kikilegea alikitupa, na ukutani hakukuwa na picha hata moja, ingawa alikuwa amefiwa na mke. Nilimuuliza kuhusu picha. Alinijibu kwamba vitu vya zamani vinamchosha, akarudi kwenye msasa.

Msidhani alikuwa mtu wa kununa tu. Mwaka ule mpaka wa Bukavu ulipofungwa na mimi nikakosa kazi kabisa, alikuja akaagiza mifuko kumi na miwili. Nilimuuliza magitaa yako wapi. Akasema yanakuja. Nilishona yote nikala. Baadaye sana, nilipoingia kwake kutafuta mkasi wangu, niliikuta mifuko yote imepangwa juu ya kabati, na vumbi juu yake. Sikumwambia kwamba nimeiona.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa nisilifikie.

Nilikuwa na kaka. Alipiga besi Bukavu tulipokuwa tunakaa huko, kabla mimi na mama hatujarudi upande huu. Alifuata orkesta mpaka Kindu, mbali sana ng'ambo huko, na Kindu akafa. Tulijua kwa simu. Mtu tusiyemfahamu alisema ni homa, alikwisha kuzikwa, poleni, na namba hiyo haikupatikana tena. Tulikaa matanga siku tatu bila mwili na bila kitu chake chochote. Mama alilia akanyamaza. Jina likaandikwa parokiani kwenye misa ya marehemu, na maisha yakaendelea. Ila mara kwa mara, mama akiwa anachambua maharage, aliuliza, "Hata viatu? Hata ile gitaa yake?" Macho yake yalikuwa yameanza kufa, anaona mwanga na vivuli tu, na swali hilo likawa la kila wiki, kisha la kila siku. Lilinichoma. Nikaanza kufikiri kwamba akikishika kitu cha mwanawe mara moja tu, mikononi, moyo wake utatulia.

Nikaenda kwa Fundi. Nilikuwa na picha moja ya kaka kwenye sikukuu, nusu ya besi inaonekana: nyekundu, ukingo mweusi, na pembe iliyokatika siku alipoiangusha kwenye ngazi za ukumbi wa parokia. Nikamwambia nataka ile.

Aliishika picha muda mrefu. "Mwenye kununua anajua," akasema. "Maman yako hatajua. Hiyo haiko kazi, ni kudanganya."

Nilimlilia, sina fahari nayo. Nilimwambia yeye ana mlango mpya kila Pasaka, mimi nina mama anayeniuliza viatu vya maiti. Nilitoka nikabamiza mlango. Kesho yake asubuhi alikuja kwenye cherehani yangu na ubao na kopo la makaa.

"Kaa namna kaka yako alikuwa anakaa," akasema.

Nikakaa. Akanipaka makaa. Nikaegemea kama nilivyokumbuka, mguu mmoja mbele. Akauliza kiwiko kilikuwa juu au chini, nikajibu. Akauliza gitaa lilishuka mpaka wapi, nikajibu. Akauliza kidole gumba alikiweka wapi. Sikujua. Nilikulia nyumba moja na mtu yule, nilimsikia akipiga kila siku ya Mungu, na sikujua kidole gumba chake kilikaa wapi. Nilifunga macho nikatafuta, nikapata shati lake tu. Hapo ndipo nilipolia kweli, kuliko siku ya simu, kwa sababu niliona namna nilivyompoteza bila mtu kunipigia simu. Fundi alifuta ubao kwa kitambaa. "Tuanze tena," akasema. Tulianza tena siku nne, na siku ya nne kidole kilikwenda chenyewe mahali fulani, na yeye akasema, "Njo hapo." Mpaka leo sijui kama ndipo.

Besi ilimchukua miezi mitatu. Alinikabidhi bila kunitazama. Nilipopitisha mkono kwenye pembe iliyokatika, nilidhani ni yenyewe, na mimi nilikuwa nimeiona ikiwa mbao tupu. Malipo aliyakataa, akasema mifuko imetosha.

Nilimwekea mama magotini. Nikamwambia, "Maman, besi ya kaka imepatikana. Kuna muntu ameileta." Vidole vyake vikaenda taratibu, vikafika kwenye pembe, vikasimama hapo. Akashusha shavu juu ya mbao. Alilia kwa sauti ya chini, na mimi nikaketi pembeni nikafurahi, nikafikiri sasa imekwisha.

"Na mwenye kuleta iko wapi?" akauliza.

"Ameenda, Maman. Alikuwa na haraka."

"Ameenda bila kukaa?"

Hapo nikaona nilichofanya. Kwetu, mtu akifia mbali, anayeleta kitu chake hakiweki akaondoka. Anatandikiwa mkeka, ananawa mikono, anakaa mbele ya mama wa marehemu na kusema: aliugua hivi, fulani alimpa maji, neno la mwisho lilikuwa hili. Hata kama ni shati moja limeletwa, linakuja na mdomo. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua, na mimi nilijua tangu mtoto. Niliwaza pembe, niliwaza rangi, niliwaza kutu ya vyuma. Sikuwaza aliyeleta.

Kesho yake nilimkuta mama amevaa kitenge chake cha sikukuu. "Kama mutoto yangu angekuwa amekufa, ule muntu angekaa aseme," aliniambia. "Hakusema juu ya sababu hakuna ya kusema. Kaka yako njo mwenye kuituma. Iko njiani." Nikamwambia Maman, tulikaa matanga. Akanijibu matanga ya simu si matanga.

Basi tukaanza kwenda mpakani, kila Jumanne na kila Ijumaa, siku wanawake wa Bukavu wanavuka kwa wingi na mabeseni yao. Nilimbebea kiti. Alikaa kando ya njia mpaka saa sita, akiwasimamisha na kuwauliza kama wamemuona mpigaji wa besi. Mwanzoni walimjibu kwa upole. Baadaye walipita upande mwingine. Kisha akaenda parokiani, akiongozwa na mtoto wa jirani, akamwambia padri afute jina la mwanawe kwenye orodha ya marehemu. Padri alinitazama Jumapili ile, na mimi nikatazama chini. Mtu ambaye tulikuwa tumemlilia, mimi ndiye niliyemtoa kaburini na sikuwa na mahali pa kumweka.

Nilirudi kwa Fundi nikapiga magoti, kweli nilipiga magoti kwenye vumbi lake la mbao. Nikamwomba aje awe aliyeleta. Akae kwenye mkeka aseme alikuwepo Kindu, alimuona anakufa, alimzika.

"Sikumuona akikufa," akasema.

Nilimwambia hata mimi sikumuona. Akasema njo vile, basi hakuna mwenye kusema. Nilimchukia. Sikumshonea kitu wiki sita, tukapishana mlangoni kama watu waliogombania shamba.

Halafu Jumapili moja, baada ya misa, akaja nyumbani bila kuitwa. Alivaa koti. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na bisibisi ndogo. Akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba amekuja kusema ukweli: kwamba besi aliifanya yeye, hapa Kamembe, na atafungua kibati mama apitishe kidole kwenye mikwaruzo ya penseli, au mimi nimsomee. Nilifikiri kidogo. Mama atanichukia, lakini mwanawe atakuwa amekufa tena, na tutapumzika. Nikamwambia ingia.

Mama, ambaye hakuwahi kukutana na Fundi, alisikia viatu vya mwanaume. "Njo weye mwenye kuleta?" akauliza. Nilidhani Fundi ataanza hapohapo. Alisema, "Njo mimi, Maman," na hata hilo halikuwa uongo, kwa maana fulani.

Mama alitandika mkeka mwenyewe, akipapasa. Alitaka maji, nikaleta, akamnawisha kwa mikono yake, kidole kimoja kimoja. Kisha akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane, akasema, "Sema."

Fundi akachukua besi, akaigeuza. Akatoa bisibisi, akafungua skurubu ya kwanza. Mama akaisikia. Akanyoosha mkono, akaukuta mkono wake, akaushika. "Usiiharibu, papa," akasema. "Atakuja kuiuliza. Mimi sina hasira vile ulienda bila kukaa. Unambie tu vile ulimuacha."

Nilimtazama Fundi na yeye akamtazama mama usoni, karibu sana, kama alivyoutazama ubao baada ya makaa. Akairudisha skurubu, akaikaza mpaka ikagoma.

"Nilimuacha iko anapiga, Maman."

"Kindu?"

"Kindu. Amenona kidogo."

"Amenona," mama akasema. Akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu turudi upande huu. "Na kichwa?"

"Mvi zimeanza. Huku pembeni, juu ya masikio. Katikati bado."

"Kama baba yake."

"Na mukono ya kushoto inamusumbua asubuhi," akasema Fundi polepole, akitafuta. "Juu ya kushika shingo ya gitaa miaka mingi. Anausugua hapa, chini ya kiwiko, mbele ya kuanza."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria mkononi. Nilielewa anachofanya. Alikuwa kazini. Alimchukua kaka yangu aliyekufa kijana, akamwongezea miaka, mahali pake na mahali pake, taratibu, bila kukwaruza. Na alikuwa anamfanya vizuri kiasi kwamba na mimi nilianza kumwona.

Nilimfuata nje, nikamshika koti. Nikamuuliza kwa nini, mtu aliyemwaibisha mpigaji mbele ya arusi nzima kwa sababu ya babu. "Nilikuja na ukweli," akasema. "Nilikosa mahali ya kuiweka." Akashuka mteremko. Wiki mbili baadaye alifunga chumba akaenda kwa binti yake Mibirizi. Hakuniaga, na mimi sijaenda kumsalimia. Siku hizi chumba kile wanauza vocha na chaja.

Mama ana furaha, hilo lazima niseme. Anakula. Jumanne ananiamsha yeye. Njiani ananikumbusha nisimtafute yule wa kwenye picha, kwamba atakuwa mwingine sasa, amenona, mvi pembeni, nisije nikampita.

Jumanne iliyopita, karibu saa nne, umati ulikuwa mwingi, na katikati yake akavuka mwanaume mnene kidogo, mvi juu ya masikio, akijisugua mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Nilisimama. Nilikwisha kufungua mdomo kumwita jina la kaka yangu. Aligeuka, na alikuwa mtu tu, na mzigo wake wa vitunguu.

"Unasimama juu ya sababu gani?" mama akaniuliza kutoka kwenye kiti.

Nikamwambia miguu imekufa ganzi.